Tupeane uzoefu: jengo la dharura limeshaezekwa ila halifunguliwi. Kwenu lilikwamia wapi?

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana usiku nilimkimbiza mdogo wangu hospitali ya wilaya baada ya ajali ya bodaboda. Ukiingia getini, mkono wa kulia kuna jengo jipya, na juu ya mlango pameshaandikwa WAGONJWA WA DHARURA. Mlango wenyewe una mnyororo na kufuli, na dirishani unaona mifuko ya saruji imepangwa. Tukapelekwa OPD, yaani wagonjwa wa nje, benchi moja na wenye vikohozi. Nilimkandamizia jeraha kwa kanga ya mama mpaka ikalowa chapachapa. Oksijeni ilikuwa wodini, ikabidi nesi na mlinzi wainamishe mtungi na kuuviringisha juu ya kokoto, ule mlio nausikia hadi leo.

Alipona, mguu una chuma. Ila kila nikiuliza kwa nini jengo halifunguliwi najibiwa "lipo hatua za mwisho". Mliowahi kuwa kwenye kamati, mafundi, wahudumu, naomba mtuambie hasa lilikwama wapi na nini kililikwamua. Wanaouguza wanahitaji kujua waulize nini na wamuulize nani.

Mwalimu mstaafu, kamati ya ujenzi

Pole sana ndugu yangu. Sisi tulipata milioni 300 za EMD, yaani jengo la idara ya dharura, kwenye zile fedha za UVIKO (korona), ule mkopo wa IMF kwa Tanzania wa shilingi trilioni 1.3 uliotangazwa 2021. Utaratibu ulikuwa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi: halmashauri inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi tu, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinasimamia. Wajumbe ni watu kama mimi, nilifundisha hesabu miaka 31, nondo nilikuwa sijawahi kununua hata moja.

Boma lilipanda haraka, kufikia Januari tulishafunga lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kilichotuangusha kwanza ni mafundi. Fedha hizohizo zilikuwa zinajenga madarasa 15,000 nchi nzima, na yalitakiwa yawe tayari shule zinapofunguliwa Januari. Fundi wetu alichukua kazi tatu kwa mpigo, akatuachia vijana wawili wa kuchanganya zege.

Cha pili, bei. Mzabuni aliandika bei zake Desemba. Kufika Machi 2022, vita ya Ukraine imeanza, nondo na mabati vimepanda, akagoma kuleta mzigo. Hapo lazima mhandisi wa halmashauri apitie upya mchanganuo, kamati ikae, muhtasari usainiwe, hati ya ununuzi itoke upya. Wiki sita jengo limesimama, mvua za masika zinanyesha kwenye kuta zisizo na paa, na plasta ya ndani tukaja kuibandua yote. Fedha za milango na vigae zikaishia huko.

Kilichotukwamua ni barua ya kuomba nyongeza kutoka mapato ya ndani, tukaambatanisha picha za kila chumba na orodha ya kilichobaki, kitu kwa kitu. Barua za mwanzo zilisema "tumepungukiwa" tu, na hakuna aliyezijibu.

Fundi umeme

Ulizeni habari ya fezi tatu, yaani umeme wa kuendesha mashine kubwa. Nimeona jengo limekamilika mpaka rangi, ila laini iliyoingizwa ni ya fezi moja na mashine zilizoletwa haziwezi kuwaka. Maombi ya umeme yanatakiwa yaende mnapofunga lenta, msisubiri vigae.

Nesi, Kanda ya Ziwa

Letu lilifunguliwa. Miezi ya kwanza tulikuwa wanne, zamu ya usiku mtu mmoja. Wakiletwa majeruhi watatu pamoja unachagua nani umguse kwanza, peke yako. Vitanda vilikuja, mashine za kupima mapigo zikakaa kwenye maboksi kwa sababu hakuna aliyeelekezwa kuzitumia. Kwa hiyo mkidai mnyororo ufunguliwe, daini na majina ya watumishi watakaohamia humo.

Daktari

Nakubaliana na dada nesi. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Jengo na watu vilianza pamoja, ndiyo maana ile idara ilisimama. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alipokewa na yeyote aliyekuwepo zamu. Huko wilayani majengo yametangulia, na bingwa wa dharura huchukua miaka mitatu kumpata baada ya kuwa daktari. Wakati tunasubiri, muuguzi anaweza kufundishwa kwa siku chache kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Hilo linafanyika hata kwenye korido ya OPD, na lingemtoa mdogo wako kwenye lile benchi.

Kutoka Kenya, pwani

Huku kaunti ilimpa kazi mkandarasi, malipo yakachelewa, akang'oa mabati ya uzio na kuondoka. Mpaka leo ni nguzo tu.

Mleta mada

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Ile barua mliipitisha kwa mganga mfawidhi kwanza au moja kwa moja kwa mkurugenzi? Diwani wetu amekubali kuibeba kwenye baraza la madiwani, na kijana mmoja atapiga picha za vyumba kupitia dirishani. Nimepita leo asubuhi, mifuko ya saruji bado ipo, ya chini imeshaganda.