Vijana tufanye nini ili mitaro ya Jangwani isizibe?

Swali: Ndugu zangu, kikundi chetu cha vijana hapa Jangwani, kando ya Mto Msimbazi, husafisha mitaro kila Jumamosi, lakini wiki haiishi kabla chupa za maji hazijarudi palepale. Tuwaelimisheje wakazi?

Jibu la kwanza: Hongereni sana. Anzeni na wachuuzi, kwa kuwa mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, ilhali vile vifuko vyembamba vya karanga na ubuyu bado vinatupwa ovyo.

Jibu la pili: Naunga mkono, ila msiache taka mlizozoa ukingoni mwa mtaro, maana mvua ya kwanza ya masika huzirudisha ndani. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa ahakikishe gari la taka linapita siku hiyohiyo.

Muulizaji: Nashukuru. Tutamwona mwenyekiti kabla ya Jumamosi.