Meno ya kahawia na harusi ya Desemba

BintiMeru: Wakuu, nimekulia Ngarenanyuki kule Arusha, maji yetu mnayajua, yana madini mengi ya floraidi, na meno yangu ni ya kahawia. Harusi ni Desemba. Kliniki moja imeniahidi yatakuwa meupe pee kwa saa moja tu. Jino la mbele limezibwa. Nilishajaribu mkaa na ndimu, sasa hata maji ya baridi sinywi. Nifanyeje?

MzeeWaKoleo: Dada, ndimu acha leo hii. Asidi inakula enameli, lile ganda gumu la nje la jino, na ikiliwa haioti tena. Hiyo kahawia si uchafu: ni floraidi iliyoingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya fizi, ndiyo maana mswaki haufui dafu. Dawa ya kung'arisha ni peroksaidi. Unjano wa chai na uzee inauweza vizuri. Kahawia yenu ni bahati nasibu, na madoa meupe huweza kujitokeza zaidi siku za mwanzo. Uliza kama watasugua kwanza tabaka jembamba la juu. Lile lililozibwa halitabadilika rangi: ng'arisha, subiri wiki mbili, ndipo walizibe upya.

KakaUsa: Mimi nilifanya. Usiku ule meno yalipiga kama shoti ya umeme, kesho yake yakatulia. Kahawia ikawa kama maziwa yenye majani kidogo. Nimeridhika.

BintiMeru: Asanteni. Naanza na kukaguliwa matundu. Shangazi anasema niache, eti ya bwana harusi yamezidi yangu.