Msimfukuze kijana wa swichi, zimeni mtambo: malalamiko yangu kuhusu bembea za watoto hapa Arusha

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Siku moja baada ya Krismasi nilimpeleka binti yangu wa miaka tisa, pamoja na watoto wawili wa dada yangu waliokuja kutoka Moshi kwa sikukuu, kwenye kiwanja kimoja cha michezo ya watoto hapa Arusha. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa ninayoyalalamikia nimeyaona pia kwenye viwanja vingine. Mimi ni fundi mitambo, nimefanya kazi kwenye karakana za kata ya Unga Limited hapa mjini kwa miaka kumi na tisa, na siwezi kupita mbele ya chuma kinachozunguka bila kukikagua.

Nilipoinama kumfunga binti yangu kwenye bembea ya kuzunguka, ile ambayo viti vyake vinaning'inia kwa minyororo, nilikuta chuma kinachopita mbele ya tumbo la mtoto hakina pini. Mahali pa pini palikuwa na waya wa kufungia nondo, umesokotwa mara mbili, na ncha zake zimekunjwa kwa ndani ili zisimchubue mtoto. Aliyezikunja alijali, na kwa hilo namheshimu. Lakini hakupewa pini. Juu, pale mkono wa chuma unapokutana na nguzo, rangi ya bluu ilikuwa mpya kabisa, ila chini ya mshono wa kuchomelea ulikuwa umeshuka mchirizi wa kahawia kama wa maji ya chai. Fundi yeyote anajua maana yake: maji yameingia ndani na kutu inakula chuma mahali ambapo brashi ya rangi haifiki.

Niliwashusha watoto wote watatu. Kijana wa swichi, yule anayewasha na kuzima mtambo, ambaye sidhani kama ametimiza miaka ishirini, aliniamkia kwa adabu, nami nikamuuliza pini ziko wapi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba zimekuwa zikipotea tangu Novemba, kwamba alishamweleza msimamizi mara mbili, na kwamba akizima mtambo, fedha za tiketi zinazopungua zinakatwa kwenye posho yake. Tukiwa bado tunazungumza umeme ukakatika. Viti vilishuka taratibu, jenereta ikawashwa, na mtambo ukaanza kuzunguka tena bila mtu yeyote kupita kukagua hata kiti kimoja.

Nilikwenda kwa msimamizi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Samahani sana mzee wangu. Huyo kijana ni mzembe, leo hii tunamwondoa."

Jibu hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko hata ule waya. Anayefukuzwa ni mtu pekee aliyeiona hatari na kuisema, na anayemfukuza ndiye aliyeambiwa mara mbili lakini hakununua pini. Kiwanja kikiendeshwa namna hiyo, kijana atakayefuata atajifunza somo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Wenzetu wameshalipa gharama kubwa kwa kosa hilohilo. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, treni ya bembea iitwayo Smiler iliyojaa watu iligonga behewa tupu lililokuwa limekwama mbele yake kwenye reli. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Mfumo wa kompyuta ulikuwa umeisimamisha treni, kama ulivyobuniwa kufanya njia inapokuwa haiko wazi, lakini mafundi waliamini kwamba mfumo ndio uliokosea, wakaupuuza na kuiruhusu treni iende. Mwanzoni kampuni ilisema ni makosa ya kibinadamu. Mahakama haikukubali: jaji alisema tatizo la msingi lilikuwa kukosekana kwa utaratibu uliofikiriwa wa kufanya kazi pale hitilafu inapotokea, na mwaka 2016 kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Ningetamani kila mmiliki wa bembea hapa Arusha na Moshi asomewe hukumu hiyo kabla hajatamka neno "mzembe".

Mwaka mmoja baada ya ajali ya Smiler, tarehe 25 Oktoba 2016, watu wanne walikufa katika bustani ya Dreamworld, Australia, kwenye mtambo wa maboya yanayopita majini. Pampu ilikuwa imezimika mara mbili siku hiyohiyo, na mara zote mbili ikawashwa na kazi ikaendelea. Ilipozimika mara ya tatu maji yalishuka, boya moja likakwama, na mkanda wa chuma ukalileta boya jingine likaligonga. Kando ya kijana mmoja mfanyakazi, aliyefundishwa mtambo huo asubuhi ileile, palikuwa na kitufe cha kuusimamisha mkanda ndani ya sekunde chache, lakini hakuwa ameelezwa kazi ya kitufe hicho. Nilipoona jenereta ikinguruma na bembea ikiondoka tena na watoto juu, niliikumbuka pampu ile.

Na wanaodhani rangi mpya ni matengenezo wakumbuke Ohio, Marekani, tarehe 26 Julai 2017. Kwenye maonyesho ya jimbo, mtambo uitwao Fire Ball ulikatika angani siku ya ufunguzi, kijana mmoja akafa na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Wakaguzi walikuwa wameupitisha. Kutu ilikuwa imekula ndani ya mkono wa chuma unaobeba viti, na kwa nje hakuna aliyeiona.

Nitaambiwa kwamba mitambo yetu ni midogo na hali yetu ya fedha ni duni. Pini ya chuma na kipande cha mnyororo cha kuishikilia ili isipotee ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa mtaani. Kuwaagiza wafanyakazi wazunguke kwenye viti vyote kila umeme unaporudi hakugharimu hata shilingi. Daftari la ukaguzi wa asubuhi, lenye saini ya aliyekagua na namba ya kila kiti, linauzwa duka lolote la vifaa vya shule. Karakanani kwetu mtu akiingia ndani ya mashine huweka kufuli lake kwenye swichi kuu na ufunguo unakaa mfukoni mwake, hata mwenye karakana hawezi kuiwasha; utaratibu huo tuliuanza baada ya mwenzetu kupoteza vidole viwili. Hatukuuanza kwa sababu tulikuwa matajiri.

Sheria pia ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimlindi mfanyakazi peke yake, inawalinda pia watu wengine wanaoweza kudhurika na kazi inayofanyika mahali hapo, na mtoto aliyekaa kwenye bembea ni mmoja wao. Mmiliki anayemkata posho kijana kwa kuuzima mtambo mbovu anamlipa ili auache uzunguke. Makato hayo yafutwe, na kila anayeshika swichi aambiwe mbele ya wenzake wote kwamba akitilia shaka ana ruhusa ya kuzima, na hataulizwa tiketi ngapi zimepotea. Wazazi nao tusione haya kukivuta kile chuma kwa mkono kabla ya kumwacha mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilirudi peke yangu. Viti sita kati ya kumi na viwili vilikuwa na pini mpya. Sita vilivyobaki bado vilikuwa na waya, na vyote kumi na viwili vilikuwa na watoto. Kwenye kibanda cha swichi alikaa kijana mwingine, mdogo kuliko yule wa kwanza. Nilipomuuliza kama ameelezwa chochote kuhusu zile pini, alinitazama kwa mshangao akasema, "Pini zipi, mzee?"