Tupeane uzoefu: siku tairi lilipokuacha kwenye lami ya mvua, na dalili ulizozipuuza kabla yake

Mwana wa Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Naandika mkono ukiwa bado haujatulia vizuri, ingawa jambo lenyewe lilitokea Jumamosi.

Nina Altezza RS200 ya gia sita za mkono. Wenye nayo mnaijua: farasi 210 kutoka kiwandani, inasukumwa na matairi ya nyuma, na utamu wake unaanza mshale wa mizunguko ya injini ukishapita elfu 6. Mwaka huu nimeitengeneza kwa mapenzi yote. Klachi mpya, bushi mpya, shokapu mpya, ekzosi nimechomelewa na fundi mzuri. Matairi nikayaacha kwa mwisho. Ya nyuma yalikuwa yamebaki na michirizi ya kuitafuta kwa kukodoa macho.

Jumamosi jioni natoka Buhongwa naelekea mjini. Ilinyesha ile mvua ya kwanza ya vuli, ya dakika kumi, isiyoosha barabara. Inalowanisha tu vumbi na oili vilivyokaa kiangazi kizima. Na huku kwetu Mwanza milima inashusha mchanga hadi katikati ya lami. Nimepita Nyegezi, nimepita Butimba, naingia kona kabla ya Mkuyuni nikiwa kwenye 60 hivi. Katikati ya kona, daladala mbele yangu likasimama kushusha abiria. Nikaachia mafuta ghafla.

Nyuma ikaondoka. Sikusikia mlio wowote. Kwenye lami kavu tairi hulia kwanza kabla ya kuachia, kwenye maji halikupi hata hiyo nafasi. Nilihisi kiunoni tu, kama kiti kimesukumwa pembeni. Nikageuza usukani kuufuata mkia, gari likanyooka, nikachelewa kuurudisha, likatupa mkia upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Lilipotulia nilikuwa natazama nilikotoka, na matairi ya nyuma yako juu ya udongo wa kijiwe cha bodaboda.

Kijiwe kile siku zote kina vijana sita, saba, na pikipiki zao. Mvua ilikuwa imewakimbizia kwenye baraza la duka la jirani. Mmoja akaja, akafungua mlango, akaniuliza, "Kaka, uko mzima?" Sauti yake ninayo masikioni mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba gari lilikuwa limeshaniambia. Wiki mbili nzima, kila nikizunguka kipilefti ya samaki asubuhi lami ikiwa na unyevu, nikiingiza gia ya pili nyuma inacheza kidogo. Nikawa nafurahi, nikidhani ni nguvu ya injini. Kumbe tairi lilikuwa halishiki.

Naombeni visa vyenu. Ilitokea wapi, gari gani, na kabla ya siku hiyo gari lilikuwa linakuambia nini?

Baba Kulwa

Pole sana mkuu, na tumshukuru Mungu kwa ile mvua kuwaondoa wale vijana.

Mimi ni Impreza WRX STI, njia ya Musoma, baada ya Nyanguge kabla hujafika Magu. Kuna sehemu malori yameibonyeza lami, ikinyesha maji yanakaa kwenye ile mifereji miwili ambayo ndiyo matairi yako yanapita. Nilikuwa kwenye 110. Nilikuwa na imani kubwa na gari, kwa sababu linasukumwa na matairi yote manne. Ghafla usukani ukawa mwepesi kama haujaunganishwa na kitu, na injini ikapiga kelele mshale ukapanda bila mimi kuongeza mafuta. Gari lilikuwa linaelea. Meno ya tairi kazi yake ni kuyatoa maji pembeni ili mpira uguse lami, na mimi meno sikuwa nayo.

Sikukanyaga breki, si kwa ujuzi, niliganda tu. Nikashikilia usukani umenyooka, mguu ukalegea wenyewe kwenye mafuta, na baada ya kama sekunde mbili matairi yakagusa chini. Baadaye dereva mmoja wa basi aliniambia hicho nilichofanya kwa hofu ndicho hasa kinachotakiwa. Ukikata kona au ukikanyaga breki wakati unaelea, pale matairi yanapogusa lami gari linakwenda kokote ulikokuwa umeelekeza.

Kuendesha matairi manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama na kukata kona, magari yote yanategemea vile vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja.

Na kosa langu la pili, maana umeuliza dalili. Kwa kubana hela nilikuwa nimebadilisha mawili ya mbele tu, nyuma nikabakiza yaliyoisha. Kwenye Subaru tairi jipya na lililoisha hayalingani mzunguko, kwa hiyo difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Ilianza kubana nikikata kona kali kwenye maegesho, gari linakuwa kama limeshikwa. Nililipuuza hilo pia. Difu ilinigharimu zaidi ya seti nzima ya matairi.

Fundi wa Igoma

Wakuu, mimi kazi yangu ni matairi, mwaka wa kumi na moja sasa. Niseme ninayoyaona kila siku kwenye jeki.

Wenye magari ya mwendo wengi mmeyashusha. Gari likishushwa bila kupigwa alaimenti, tairi linasimama kwa kuinama, linakula upande wa ndani. Mteja anaangalia upande wa nje anaona meno yapo, ananibishia. Nikilitoa, ndani nyuzi za waya ziko nje. Mwezi uliopita kijana kaja kuziba pancha tu, nikamwonyesha ndani, akakaa chini kwenye benchi bila kusema kitu kwa muda mrefu.

Ukitaka kujua tairi limeisha, angalia ndani ya mifereji, kuna vituta vidogo vya mpira. Meno yakishuka yakawa sawa na vile vituta, umebakiwa na milimita 1.6, na tairi jipya linaanza na kama milimita 8. Ila kwa mvua zetu mimi simshauri mtu kusubiri vituta. Likifika milimita 3 anza kutafuta hela.

Kuhusu umri: tafuta herufi DOT ubavuni, mwisho wake kuna tarakimu nne. Ikiandikwa 2216 ni wiki ya 22 ya mwaka 2016. Mara nyingi hizo tarakimu zipo upande mmoja tu wa tairi, na likifungwa zikatazama ndani hutaziona mpaka ulale chini ya gari. Kuna matairi ya mtumba yana meno mazuri kabisa lakini mpira umekuwa mgumu kama ubao. Hayo nayaogopa kuliko kipara, kwa sababu kipara mwenye gari anakijua.

Jambo lingine ni matairi ya theluji. Magari yanashuka kutoka Japani yamevaa matairi yenye neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi kali. Kwenye joto letu gari linayumba ukikata kona kwa kasi, yanaisha haraka, na kwenye mvua ya joto breki inakwenda mbali. Ukiyaona, yatoe.

Na kama una hela ya mawili tu, kwa gari lisilo kama la Baba Kulwa, mapya yafungwe nyuma. Najua wengi mnataka mbele. Mbele ikiteleza gari linakwenda moja kwa moja na usukani unakuambia. Nyuma ikiteleza ndiyo yaliyomkuta mleta mada.

Mwalimu wa Sengerema

Poleni nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina Mark X.

Kwangu ilikuwa kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa. Nafundisha Sengerema, familia iko Mwanza, kila Ijumaa mchana nilikuwa naliwahi pantoni Busisi. Mliovuka miaka ile mnakumbuka namna tulivyokuwa tunakimbizana. Ukilikosa moja unakaa juani au mvuani hujui mpaka saa ngapi. Siku hiyo ilikuwa inanyesha manyunyu. Nashuka kuelekea kivukoni, naona foleni imesimama mapema kuliko nilivyozoea. Nikakanyaga breki. Mguu ukaanza kutetemeka juu ya pedali, ABS, ile ya kuzuia matairi yasijifunge, inafanya kazi yake, trrrr, na gari linaendelea kushuka. Nilikuwa na muda wa kusoma maandishi yote nyuma ya lori la mbele yangu. Nilisimama nikiwa nimebakiza nafasi ambayo mtu asingeweza kupita kwa miguu. Mtoto wangu mdogo alikuwa kiti cha nyuma.

Matairi yalikuwa na meno! Ndiyo maana maneno ya Fundi yamenigusa. Niliyanunua mtumba, yanang'aa, na nilikuwa nimejisifu kwa mume wangu kwamba nimepata bei nzuri. Tulipoyatoa yalikuwa na miaka tisa.

Dalili? Ile taa ya dashibodi yenye picha ya gari na alama za kuteleza ilikuwa inawakawaka kila nikiondoka kwenye mteremko uliolowa. Karibu mwezi mzima. Nilidhani ni sensa mbovu, nikawa nasubiri likizo nimpelekee fundi wa umeme.

Tangu Juni 2025 navuka kwa daraja, kilomita 3 hivi, dakika chache. Lakini nikifika ule upande wa Busisi mguu wangu bado unaondoka wenyewe kwenye mafuta.

Kijana wa Kirumba

Mimi sikubaliani na mada nzima. Tatizo ni mwendo. Ukienda 40 hata na kipara unafika.

Mwana wa Nyegezi

Ndugu yangu, kwenye kipilefti nilikuwa sifiki hata 30 na nyuma ilikuwa inacheza. Mwendo nakubali, 60 pale ilikuwa nyingi na sitaitetea. Ila gari lenye nguvu nyuma na matairi yaliyoisha halihitaji mwendo, linahitaji mguu mzito tu kwenye lami iliyolowa.

Kijana wa Kirumba

Sawa kaka, hapo nimekuelewa. Hata hapa karibu na soko la Mwaloni, pikapu za samaki zinamwaga maji ya barafu barabarani, nimeona bajaji ikizunguka jua linawaka.

Mwana wa Nyegezi

Fundi, nimelala chini ya gari leo na tochi kama ulivyosema. Nyuma kushoto limesoma 3114, nyuma kulia 0819. Sikuwahi kujua kwamba hata umri hayalingani. Ya mbele yote ni ya mwaka 2018, na la kulia limekula ndani.

Nimelipaki. Kazini nimekwenda na daladala, na jioni nimeshukia Mkuyuni kuwasalimia wale vijana wa kijiwe. Yule aliyenifungulia mlango kanikumbuka, kaniuliza gari liko wapi.

Natafuta seti ya manne, 215/45 R17, mapya, ya mwaka jana au mwaka huu. Kama unayo, kesho saa mbili asubuhi nakuletea rimu kwa bajaji.

Fundi wa Igoma

Ninayo matatu ya saizi hiyo. La nne nitalipata Alhamisi. Usifunge matatu, subiri Alhamisi.