Kirusi kimoja, chumba kimoja, mbona mapafu yake tu?

Mchuma karafuu, Wete
Assalaam alaykum. Mwaka 2021 mie na kaka yangu tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja. Mie nikapoteza harufu tu, hata karafuu zilizoanikwa jamvini sizinusi. Yeye akabebwa usiku, pumzi hana. Korona si ile ile?

Bi Maabara
Waalaykum salaam, mwanangu. Ile ile, ila miili miwili. Kirusi hushika protini yetu, ACE2, iliyo juu ya seli za puani na za vifuko vya hewa mapafuni. Kushika hakutoshi. Nazi haikunwi na makumbi yake, sharti uifue. Mfuo wenyewe ni kimeng'enya chetu, TMPRSS2: hukata miiba ya kirusi, ndipo kikaingia. (Omikroni, aina ya korona iliyokuja baadaye, haiutegemei sana mfuo huo, na mapafuni haikuwa kali kama Delta iliyoitangulia.) Tena kuna interferoni, mjumbe wa kinga ya mwili, inayoamsha seli zitengeneze protini za kuzuia virusi. Baadhi ya watu, wazee hasa, wana kingamwili zinazoikamata interferoni yao wenyewe. Hapo kirusi hutamba.

Mjukuu wa Chake
ACE2 si mambo ya presha hayo? Bibi anameza vidonge, aache?

Bi Maabara
Hata! ACE2 husaidia kushusha presha, kweli, lakini wagonjwa walioendelea na vidonge hawakuonekana kuzidiwa kwa sababu hiyo. Asiache bila daktari.

Mchuma karafuu, Wete
Ahsante, bibie. Kaka alipona, alhamdulillahi. Ila mkarafuu hapandi tena, anachambua makonyo ya karafuu barazani na kutukosoa sisi tulio juu.