Fundi wa waifai ashatupanda kichwani!

Bui_wa_Kibokoni:
Jamani, mnamjua. Simtaji. Yule wa pikipiki na ngazi, hakuna nyumba mtaani hajatoboa ukuta. Leo amenambia mbele ya wakwe zangu, biriani hata halijapoa: "Mama, wewe shika mwiko, paswadi niachie mimi."

Shika mwiko! Mimi! Kwangu!

Na nilichomuomba ni nini? Nataka kubadilisha paswadi ya waifai, maana Mombasa nzima yaning'inia kwangu, mpaka muuza viazi karai wa kichochoroni atazama mpira kwa pesa zangu. Nafungua brauza, naandika 192.168.1.1, anwani ya rauta, kile kisanduku cha waifai, ukurasa wa mipangilio waja. Natia jina na paswadi zilizobandikwa chini ya rauta, yakataa. Kumbe bwana mkubwa siku ya kufunga alibadilisha ile ya kuingilia mle kwenye mipangilio, akakaa nayo yeye! Sasa yuwataka shilingi 1,000 aje aandike herufi nane.

Rauta nimenunua mimi. Stima nalipa mimi. Halafu mbele ya mkwe, "shika mwiko". Mama mkwe alicheka, wallahi nimemuona.

Kijana_Tudor:
Dada, chukua sindano, finya kile kitundu cha nyuma kilichoandikwa RESET, sekunde 10 hivi, mpaka taa zizime ziwake. Paswadi ya chini ya rauta itakubali.

Baba_Nasra:
Wewe wamtia mwenzio shimoni! Akifanya hivyo na mipangilio ya kampuni ya intaneti yafutika. Kama hana jina na paswadi walizompa kule, hapati hata ujumbe mmoja. Atamwita nani? Yule yule.

Bui_wa_Kibokoni:
Ndo anachotaka! Nimpigie magoti! Mbele ya wakwe tena!

Mahamri_na_Mbaazi:
Biriani lilibaki?

Bui_wa_Kibokoni:
Toka hapa.

Kijana_Tudor:
Basi apigie kampuni kwanza wampe hizo mbili, aandike kwenye karatasi, ndo afinye. Na akishaingia, paswadi ya kwanza kubadilisha ni ile ya mlangoni, ya kuingilia mipangilio, si ya waifai.

Mzee_Makadara:
Mimi paswadi zangu zote ninazo na bado nateseka. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe, ukuta mnene, waifai ya mawimbi ya 5 GHz haivuki chumba cha pili. Nimerudi ya 2.4 GHz, ipenyayo ukuta zaidi, nikakuta majirani wote wamejazana chaneli 6, njia moja ya mawimbi. Nikahamia 11. Sasa na wao wamenifuata! Nani awaambia?

Baba_Nasra:
Si watu, mzee. Rauta nyingi zajichagulia chaneli zenyewe.

Mzee_Makadara:
Mbona zajichagulia yangu?

Mahamri_na_Mbaazi:
Dada, na huo mwiko uliushika?

Mwana_Likoni:
Nyinyi wa kisiwani mwalilia chaneli. Sisi huku mfereji umekauka, twanunua maji ya mkokoteni, na muuzaji akiona una wageni apandisha bei pale pale mlangoni.

Baba_Nasra:
Huyo wa mkokoteni hata huku yuko. Mitungi yake haijai hata siku moja.

Bui_wa_Kibokoni:
Uzi huu ni wa FUNDI! Amenambia nishike mwiko!

Mzee_Makadara:
Tumesikia, binti yangu. Mwana Likoni, hayo yenu yana chumvi?

Mwana_Likoni:
Chumvi tele, mzee. Chai hainyweki.