Mrejesho: Nilikwenda Kitulo kuangalia ndege

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa: nina siku nne za likizo, niende hifadhi ya Ruaha au ya Kitulo kuona ndege? Wengi mlisema Kitulo, maana mbayuwayu wa buluu huwa yuko kule msimu wa mvua tu. Nimerudi juzi.

Kutoka Chimala nilipanda bodaboda hadi Matamba, zile kona hamsini na saba zote. Sirudii. Bora gari la Noah, hata likijaa.

Siku ya kwanza ukungu mtupu. Uwanda uko mita 2,600 hivi, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na darubini ya kuazima ikajaa mvuke ndani. Nikaambulia matope na maua (maua kwa kweli ni mengi, hamkudanganya).

Siku ya pili, kama saa tatu asubuhi, jua likatoka. Mbayuwayu wawili wakapita chini kabisa juu ya nyasi, karibu waguse buti langu. Kwa mbali ni weusi. Wakigeuka juani wanang'aa buluu, na ile mikia miwili mirefu kama nyuzi inafuata nyuma. Wakaingia kwenye shimo la muhanga (yule mnyama mla mchwa anayechimba mashimo)! Mwongozo akanizuia nisisogee, ndimo wanamojenga kiota.

Tandawala, yule ndege mkubwa wa kutembea nyasini, nilimwona mmoja, mbali, akitembea kama mzee anayekagua shamba.

Aliyenishauri nibebe sweta mbili, asante. Ningebeba tatu.